Gari la Mama Zaina na Mafundo ya Papa Lifeta

Vijana wa gereji, siku nilipokabidhi ufunguo wa kabati langu mliniomba niwaandikie namna kazi ilivyokuwa zamani. Nimekubali upesi. Kati ya wote waliopita pale, sijui mwingine ambaye angejaza kurasa hizi bila kumwita mtu amsahihishie. Vyeo sitavitaja; walionipa wanajua kwa nini walinipa. Nitaeleza kazi yenyewe, na hasa gari moja dogo. Mmenisikia mara nyingi nikihesabu magari niliyoyafufua. Hili sijawahi kuwasimulia lote.

Nilizaliwa Yahuma, kwa watu wa kulima mihogo. Urithi wangu ulikuwa jembe, na hilo nalo kaka yangu alilitaka, nikamwachia. Nilisoma kwa mapadri, nikafua nguo zao ili nipate daftari, nikafaulu, nikapelekwa Ubelgiji, na baada ya miaka minne nikarudi na diploma ya ufundi wa injini. Darasani tulikuwa watu thelathini na wanne, nami nilitoka wa tatu. Wawili walionitangulia walikuwa watoto wa wenye gereji, walioshika spana kabla ya kuota meno. Kwa hiyo mimi hujihesabu kuwa nilikuwa wa kwanza.

Nilifika Kisangani wakati gereji na maduka ya wageni yalikuwa yamekwisha kugawiwa wananchi. Gereji yetu, pale karibu na bandari, ilikuwa imepewa Citoyen Alonga (yaani Mwananchi Alonga, kama tulivyoitana enzi hizo), aliyekuwa karani wa ghala. Magari aliyajua kwa kukaa kiti cha nyuma. Aliachiwa stoo iliyojaa vipuri, akaiuza kwa miezi michache, kisha akashangaa kuona kwamba rafu hazizai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa mashua katikati ya mto bila kuulizwa kama anajua kupiga kasia.

Siku ya kwanza nilivaa abakosti mpya, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, nikabeba sanduku la spana nililonunua huko Ulaya, zote zinang'aa, kila moja katika kitanda chake cha kitambaa. Wafanyakazi walikuja kulitazama kama watu wanavyotazama maiti ya mkubwa: kwa heshima, bila kugusa. Mmoja tu hakusogea. Alikuwa amekaa juu ya pipa lililolazwa, anakata gasket za kuzibia injini kwa kisu cha samaki kutoka kwenye kadibodi ya sanduku la sabuni. Huyo alikuwa Papa Lifeta.

Alikuwa mtu wa mto, kutoka upande wa Yanonge, na mvi zilikuwa zimemaliza kichwa zikaanza nyusi. Injini alijifunza ndani ya boti zilizoshuka Isangi na Barumbu zikipandisha samaki na mpunga. Shule hakuwahi kuiona ndani. Alikuwa na spana saba, nyundo moja na kile kisu.

"Mbote, mwana," alinisalimia bila kuacha kukata. "Unatokea Poto?"

"Ndiyo, papa. Ubelgiji."

"Na kule moteur inakufaka?"

"Inakufa."

"Bon. Basi umefika kwenye matanga unayojua."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo waliniita Diplômé, nami niliamua kuamini kwamba ni jina la heshima.

Lazima niwaeleze desturi moja ya Papa Lifeta, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwao mtoni, kila familia hufunga fundo lake kwenye mtego wa samaki, ili mtu asije akavua mtego wa mwenzake. Yeye alileta mtindo huo gerejini. Kila alichofungua alikifunga kipande cha kamba ya raffia chenye mafundo: fundo moja kwa cha kwanza, mawili kwa cha pili, na kuendelea. Hakuandika, kwa sababu hakujua kuandika, na hakusahau, kwa sababu mafundo yalimkumbusha. Mimi nilipoziona kamba zile ndani ya injini niliona uchafu. Nilikotoka, injini ilifutwa mpaka ungeweza kuweka mkate juu yake.

Gari la Mama Zaina lilifika asubuhi moja ya mvua, likisukumwa na wanaume wanne kutoka Kabondo. Yeye mwenyewe alitembea nyuma yake na mwavuli, akiwaonyesha mashimo ya kukwepa. Alikuwa mjane, Mwislamu kutoka Kasongo ya Maniema, akiuza vitenge sokoni. Gari lilikuwa la marehemu mume wake: dogo, milango miwili, rangi ambayo labda zamani ilikuwa ya maziwa. Lilikuwa limelala nyumbani kwake misimu miwili ya mvua chini ya turubai.

"Nani njo fundi hapa?" aliuliza.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Nina diploma."

"Sikuuliza uko na nini. Niliuliza nani njo fundi."

Papa Lifeta aliinama akakohoa kwenye kitambaa chake. Mama Zaina alimwona, akampungia mkono, maana walikuwa wakifahamiana tangu enzi za marehemu. Kisha akanigeukia tena. Alitaka gari limpelekee mizigo yake kwenye soko la Bengamisa. Kwenye malori vitenge vyake vilifika vimelowa na kunuka samaki, na wateja, alisema, hawavai samaki.

Citoyen Alonga alinikabidhi gari hilo mimi. Papa Lifeta aliambiwa anisaidie.

Kwa wiki tatu nilifanya kazi ambayo hata leo ninajivunia. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha nyuma. Nilikifumua chote nikakijaza pamba ya mti. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ungeweza kuona barabara kati ya miguu yako. Nilikata bati la pipa la mafuta, nikalipima, nikalikunja, nikaliunga, na sakafu ile ilidumu kuliko gari. Tangi la petroli nilitia changarawe za mtoni, tukalitikisa watu wawili mpaka kutu yote ikatoka. Kabureta ilikuwa imeganda utomvu wa petroli ya zamani. Niliifungua vipande vyote nikapitisha uzi wa waya wa simu katika kila tundu. Breki zilikuwa zimeng'ang'ania. Nilizibembeleza kwa siku nne, na siku ya tano niliacha kuzibembeleza.

Mwisho nilifika kwenye delko. Nyinyi mnaijua, lakini huenda barua hii ikasomwa na mtu asiye wa kazi yetu: ni kile kichwa cheusi kinachogawa moto kwa bougie, yaani plagi, nne za injini. Ndani yake mna kidole kinachozunguka, kikigusa waya moja baada ya nyingine, kila waya ikipeleka moto kwenye silinda yake. Nilikuta ncha za ndani zimeungua kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeliua gari, na niliitambua kwa kuitazama mara moja. Nilizisugua, nikazipima, nikazirudisha. Kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini niliona jambo jingine. Waya nne zilizotoka kwenye kichwa zilikuwa zimefungwa raffia, mafundo kama kawaida, na mpangilio wake haukuwa ule wa kitabu. Nilikuwa na kitabu cha gari hilo, chenye picha. Waya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

"Nani alipanga hizi?" niliuliza.

"Miye," alisema Papa Lifeta. "Wakati wa marehemu. Delko yake ilipasuka, nyingine haikupatikana. Nikamutafutia."

"Umezikosea, papa. Tazama picha."

Hakutazama picha. Alitazama mkono wangu, maana nilikuwa nimekwisha kushika mkasi na kukata raffia ya kwanza.

"Diplômé, ile mafundo iko na maneno yake. Acha kwanza nikuelezee."

"Papa, hapa hatuvui samaki."

Nilisema hivyo mbele ya watu sita. Walicheka, na safari hiyo nilicheka nao. Yeye alinyanyua nyusi zake nyeupe, akasema "Bon" tu, akarudi kwenye pipa lake. Nilikata kamba zote nne, nikazitupa, nikapanga waya kama picha inavyosema.

Gari halikuwaka.

Lilikohoa. Lilitikisika. Lilitema moto nyuma kupitia kabureta mpaka likaniunguza nyusi, nikawa na uso wa mtu anayeshangaa kwa siku kadhaa. Nilibadilisha bougie. Nilifungua kabureta upya. Niliazima betri nyingine, nayo nikaimaliza. Tuliweka watu nyuma tukalisukuma mpaka bandarini. Likapiga kelele mbili kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi, likanyamaza. Tulilirudisha kwa kulisukuma, mbele ya wauza samaki, ambao hawakukosa la kusema.

"Mbona munalipeleka kunywa maji?" aliuliza mmoja wao. "Mbuzi yangu njo inafanyaka hivyo."

Jumanne Citoyen Alonga aliniita ofisini. Mama Zaina alikuwa amepita kwake akasema maneno ambayo hakupenda kuyarudia.

"Wiki tatu gari ilikuwa inaendelea muzuri," alisema. "Sasa shida iko wapi?"

Hapa, vijana, ndipo ningependa kuruka aya moja. Nilimwambia kwamba gari liliharibiwa zamani na kazi ya kienyeji ya Papa Lifeta, kwamba alikuwa ameweka vitu visivyo vyake na kufunga kamba mpaka ndani ya moto. Niliamini nilichosema. Kuamini ni rahisi sana unapokuwa na haja.

Citoyen Alonga alikuwa akitafuta sababu ya kupunguza watu, nami nikawa nimempelekea mlangoni.

"Gereji haiwezi kulisha mutu anaharibu na mutu anatengeneza," alisema. "Ijumaa mama anakuja. Utanionyesha mbele yake mahali muzee aliharibu, na muzee ataenda kwake."

Nilijua kwake. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi kule Mangobo, na ndani yake wajukuu watano ambao mama yao alikuwa amefariki. Nilijua pia kwamba katika mji mzima hakuna gereji ambayo ingemchukua mtu wa umri ule, asiye na karatasi. Ningeweza kusema neno. Nilisema, "Sawa, citoyen."

Habari ilimfikia kabla sijatoka ofisini. Hakunijia. Aliendelea kukata gasket zake, na kila alipopita aliniamkia kama kawaida, jambo lililokuwa zito kuliko matusi.

Alhamisi mchana wenzetu walikuwa wameenda kula pondu na makemba kwa mama mmoja nyuma ya ukuta. Mimi nilibaki na gari. Betri zote zilikuwa zimechoka, haziwezi tena kuzungusha injini, kwa hiyo nilichukua mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele. Kwa kuwa mvua ilinyesha usiku, nilifungua kichwa cha delko nikaushe unyevu. Nikiwa hivyo, kichwa wazi, nilizungusha injini nusu mzunguko, nikatupa jicho ndani.

Kidole kilikuwa kinakwenda kushoto.

Kitabu kilisema kulia. Nilizungusha tena. Kushoto. Nilirudia mara sita, nikitumaini kitabadili nia. Kisha nilipiga magoti, nikafuta grisi kwenye shingo ya delko, nikakuta kibati kidogo cha shaba chenye maandishi. Haikuwa delko ya gari. Ilikuwa ya mashine ya kuvuta maji, ya zile zilizotumika kwenye mashamba ya Yangambi. Papa Lifeta, kwa kukosa kipuri, alikuwa ameichonga ikaingia katika injini ambayo haikutengenezewa, na kwa kuwa ilizunguka kinyume, alipanga waya kinyume. Hapakuwa na kosa hata moja. Kazi ile mimi, wa tatu kati ya thelathini na wanne, nisingeweza kuibuni. Na maelezo yake yote yalikuwa yameandikwa pale pale, kwa raffia, nami niliyakata kwa mkasi.

Nilirudisha kichwa cha delko, nikabadilisha zile waya mbili. Nikavuta mkono wa chuma mara moja, mara ya pili, na injini ikashika, tulivu, kama mtu anayeendelea na mazungumzo. Niliizima haraka, kama mwizi.

Papa Lifeta alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake mkononi.

"Nilisikia," alisema.

"Papa, kwa nini hukunieleza?"

"Nilianza kukuelezea."

Hilo lilikuwa kweli, na hakulitia chumvi. Alingoja kidogo, labda niseme kitu. Nilipoinama kufuta grisi mikononi, alirudi kumalizia chakula chake kabla hakijapoa.

Mchana ule wote nilitunga maelezo. Mtu akisoma sana anapata faida moja ambayo haimo katika mtaala: anaweza kueleza kosa lake kwa namna ambayo halitaonekana. Nilitunga kwa Kifaransa. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye pembe za mizunguko na mwelekeo wa mhimili, na ndani yake waya zilijikuta zimehama zenyewe. Kwa hotuba ile mzee angeondoka, na mimi ningebaki safi.

Ijumaa Mama Zaina alikuja amevaa kitenge chake cha Ijumaa, Citoyen Alonga akatoka ofisini, na wenzetu wakajipanga kando ya ukuta. Papa Lifeta alikuwa amekwisha kufunga spana zake saba katika gunia. Nilivuta mkono wa chuma, gari likawaka. Mama Zaina hakushangilia. Alisikiliza tu, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza sauti ya mtu wa nyumbani.

"Bon," alisema Citoyen Alonga. "Donc, elezea. Nani aliharibu nini?"

Nilianza hotuba yangu. Citoyen Alonga alitikisa kichwa kwa kila neno refu, kama anavyofanya mtu asiyeelewa akiwa mbele ya watu anaowalipa. Nilikuwa nimefika kwenye mwelekeo wa mhimili Mama Zaina aliponyanyua kiganja.

"Mwanangu, sema na Kiswahili. Gari iko yangu, na miye sikusoma."

Nilitafuta namna ya kusema mwelekeo wa mhimili kwa lugha yake. Vijana, nimezungumza mbele ya wakaguzi, mbele ya wakurugenzi, na mara moja mbele ya gavana wa mkoa. Sijawahi kukosa maneno kama nilivyokosa asubuhi ile. Kwa Kiswahili cha Mama Zaina waya haihami yenyewe. Inahamishwa na mtu, na lazima umtaje.

"Papa Lifeta alizipanga vizuri," nilisema. "Mimi nilizikosea. Alitaka kunieleza, nikamzuia. Nikakata kamba zake."

"Zile kamba?" alisema Mama Zaina. "Marehemu alinikataza kuzigusa hata kwa kupanguza vumbi. Alisema zile njo kitabu ya gari."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mtu mmoja alicheka kando ya ukuta, akakatiza. Citoyen Alonga alikuwa ananitazama kama mtu aliyenunua kitu na kukuta ufa nyumbani.

"Nilisema gereji haiwezi kulisha mutu anaharibu," alisema polepole. "Alors, Diplômé, iko weye njo unaenda."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyempa tarakimu. Nilianza kuvua koti la kazi. Nilifikiria sanduku langu, namna nitakavyolibeba kupita mbele ya wauza samaki.

Ndipo Papa Lifeta aliweka gunia lake chini.

"Citoyen, mutu akiharibu, na akajua mwenyewe namna aliharibu, na akasema, huyo amekuwa fundi leo. Ukimufukuza, utatafuta mwingine, na ule mwingine ataanza kuharibu upya. Huyu amekwisha maliza."

Citoyen Alonga alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama Mama Zaina, ambaye alikuwa amekwisha kuketi nyuma ya usukani na hakuwa na nafasi ya mambo yetu. Mwishowe alisema kwamba tubaki wote wawili, lakini meza yangu anaitoa, apewe mshona viti, nasi tutatumia meza moja.

Tulitumia meza hiyo miaka kumi na mmoja, mpaka macho ya Papa Lifeta yalipomkataa. Upande wangu ulikuwa na spana zinazong'aa, kila moja katika kitanda chake. Mara nyingi wageni waliokuja na injini ngumu waliuliza ni nani kati yetu mwenye diploma, nami niliwajibu kwa sauti, kwa sababu ni yangu na niliifulia nguo. Kisha niliwaambia wampelekee injini yeye kwanza, nami nilisogea karibu nisikilize.